Ukuta Mgonjwa

"Vueni viatu," alisema Bwana Funguo, naye mwenyewe amesimama katikati ya sebule na viatu vyake vya ngozi miguuni, vimepigwa dawa mpaka vinang'aa. "Vigae ni vipya. Hatutaki mikwaruzo."

Jina la Bwana Funguo alipewa na mafundi, kwa sababu ya lile fungu la funguo alilolining'iniza kiunoni, ambalo lilifika kila mahali kabla yake. Kazi yake katika kampuni ilikuwa kukabidhi nyumba. Mtu anakuja, anakagua, anatia saini kwamba ameridhika, anapewa ufunguo. Baada ya saini, hata dari ikikuangukia ni dari yako.

Mama Mapazia alivua ndala zake akaziweka kando ya mlango. Yeye ni mshonaji, na mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu mapazia ndiyo aliyoyajua kuliko magauni. Mama mkwe wake alichukua muda mrefu zaidi. Aliinama huku ameshika ukuta, akavua kiatu kimoja, akakohoa, akapumzika, akavua cha pili. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka vibaya, na alipoona Bwana Funguo anavitazama, akalishusha gauni lake kuvifunika.

"Nyumba yangu mwenyewe naiingia viatu mkononi kama mwizi," alisema bibi.

"Bado si yako, bibi. Ukishatia saini, hata trekta ingiza." Bwana Funguo alicheka peke yake.

Brashi, mume wa Mama Mapazia na mtoto wa huyo bibi, alikuwa ameshavua viatu vyake bila kuambiwa. Alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma. Kwa kawaida Brashi ni mtu wa maneno, anaweza kumchekesha hata anayemdai. Leo tangu asubuhi ulimi ulikuwa umemganda.

Mkewe aliona, akajiambia ni furaha. Kwa nini isiwe furaha? Miaka minne kampuni ilikuwa inamkata Brashi mshahara kwa ajili ya nyumba hii. Alikuwa mpaka rangi wao, amepaka nyumba za safu ya juu, kule mlimani, na za safu ya chini, huku bondeni, na zilipokwisha wafanyakazi wakapigishwa kura, kila mtu na bahati yake. Siku ya kura alirudi nyumbani, akasema, "Safu ya chini," akapanda kitandani bila kula. Mkewe alicheka akawaambia watoto baba yenu ameshiba nyumba. Usiku uleule alianza kukata kitambaa cha mapazia. Sasa yalikuwa tayari, yamekunjwa ndani ya mfuko aliokuwa ameubana kwapani, ya rangi ya bluu iliyopauka kidogo, na urefu wake ameupima kwa vipimo alivyopewa na mumewe.

Aliingia ndani akavuta pumzi. Harufu ya rangi mpya aliipenda, ni harufu ya mumewe akirudi kazini. Lakini chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kama ya tambara la deki lililosahaulika ndooni wiki nzima.

"Mkwe," aliita bibi kwa sauti ya chini. "Sakafu hii imelowa."

"Ni ubaridi wa vigae, bibi," alidakia Bwana Funguo.

"Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Baridi naijua, na maji nayajua."

Mama Mapazia alinyanyua mguu wake akautazama. Wayo ulikuwa unang'aa. Akaupangusa kwenye mguu wa pili, akaukanyaga tena, na unyevu ukampanda taratibu kati ya vidole. Akahisi kinyaa kidogo, kile cha kukanyaga kitu gizani usijue ni nini.

Tena nyumba kavu ndiyo waliyoifuata hapa. Chumba walichopanga kilikuwa na ukuta unaotoka jasho, na kifua cha bibi kilikuwa kimeanza kupiga filimbi kila akilala. Daktari hakuzunguka: mpelekeni mahali pakavu, au mjiandae. Ndiyo maana Mama Mapazia alikuwa akishona mpaka macho yanauma, na ndiyo maana alipokatwa mshahara Brashi hakuna aliyelalamika. Hawakutaka kubwa wala ya fahari. Walitaka kavu.

*

Jikoni kulikuwa na makabati meupe. Bwana Funguo aliyapigapiga kwa kiganja kama mtu anayeuza ng'ombe. "Mbao safi hizi. Fungua, mama, usiogope."

Mama Mapazia akafungua la chini. Mlango ulikuwa umevimba, ukagoma, kisha ukafunguka ghafla na bawaba ikatoka nao. Ubao wa nyuma ulikuwa umebanduka. Akaupenyeza mkono kuusukuma urudi mahali pake, na vidole vyake vikazama katika kitu laini.

Aliuchomoa mkono haraka. Nyuma ya ubao ukuta wote ulikuwa mweusi kwa ukungu, wenye manyoya kama panya aliyelowa, na juu ya ukungu huo konokono asiye na nyumba alikuwa anajivuta pole pole, akiacha utelezi nyuma yake. Kidoleni mwake kulikuwa na utelezi huohuo. Akautafuta mfereji wa sinki aoshe, akaufungua. Maji yalitoka. Lakini bafuni, ng'ambo ya ukuta, kukasikika mlio kama wa mtu anayecheua.

Walikwenda kutazama. Tundu la maji machafu sakafuni lilikuwa linatapika. Maji ya kijivu yalipanda yakasambaa juu ya vigae vipya, yakiwa na povu, punje za wali uliooza na nywele ndefu nyeusi zilizojisokota. Katika nyumba hii hakuna mtu aliyewahi kupika wala kuoga.

"Nywele za nani hizo?" aliuliza bibi.

"Bomba jipya hilo," alisema Bwana Funguo, akirudi nyuma kuviokoa viatu vyake. "Linajisafisha."

"Linajisafisha kwa kutapika?"

"Ni siku mbili tatu tu, bibi. Hata mtoto mchanga hucheua."

Mama Mapazia mate yalimjaa mdomoni. Akatoka bafuni akitembea kwa visigino, akarudi sebuleni. Kuta za sebule zilikuwa nzuri. Rangi ya maziwa, laini, hazina hata alama ya brashi. Na huo uzuri ndio uliomtia shaka, maana aliwahi kufundishwa.

Zamani kidogo, chumbani kwao pale walipopanga, Brashi alimwonyesha siri ya kazi. "Ukuta mgonjwa unatibiwa kwa uongo," alimwambia akicheka. "Ukipaka rangi ya maji peke yake, doa linatokeza baada ya wiki. Lakini ukitanguliza rangi ya mafuta chini, ukafunika na ya maji juu, mtu haoni kitu mpaka ameshahamia. Mafundi wengine hawajui, wanapaka tu. Ukitaka kuugundua, weka shavu ukutani, utazame kwa ubavu. Panapong'aa ndipo palipofichwa." Siku ile alimsifu mumewe kwa akili nyingi.

Sasa akapiga magoti.

"Mke wangu," alisema Brashi, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu wafike. "Acha."

Hakuacha. Aliweka shavu ukutani, ukuta baridi kama tumbo la chura, akafumba jicho moja. Kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti, chumba kizima, ukuta ulikuwa unang'aa. Mpaka wa mng'ao ulikuwa umenyooka vizuri sana. Ulikuwa umenyooka kama kazi za Brashi zote.

Akaegemeza ukucha wa kidole gumba akabonyeza. Ngozi ya rangi ikapasuka kama utando wa maziwa, na maji ya kahawia yakatoka yakamtiririkia mkononi.

Aligeuka akamtazama mumewe. Brashi alikuwa anatazama nje.

*

Walitoka uani, yeye na mumewe, miguu mitupu. Bibi alibaki ndani amekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa, lakini dirisha lilikuwa wazi.

"Wewe ulijua."

"Mama watoto..."

"Usiniite hivyo. Nimekuuliza, ulijua?"

"Safu yote ya chini iko hivi," alisema Brashi. "Palikuwa na kinamasi hapa, wakamwaga kifusi. Na bomba la safu ya juu linashukia huku, halijaunganishwa popote. Waliniambia paka, nikapaka. Mimi si mjenzi."

"Ukapaka nyumba tutakayolala sisi!"

"Sikujua itakuwa yetu! Kura zimepigwa baadaye. Safu mbili, nikasema nitakosaje ya juu? Mungu atanionaje mimi tu?"

"Na mwenzako atakayeangukia huku chini, yeye Mungu amemwona?"

Brashi alikuwa anabandua kipande cha rangi kavu kwenye ukucha, tabia yake ya miaka yote. Mkewe aliwahi kuipenda mikono ile. Sasa aliitazama akaona kinyaa, akakumbuka kwamba mikono hiyohiyo humkatia mkate asubuhi.

"Na kura ilipotoka? Mimi nakata vitambaa, wewe umelala unanisikiliza? Mkasi unalia, wewe umenyamaza? Ungemwacha mama yako aje kufia humu?"

"Nilifikiri jua likiwaka vizuri patakauka."

"Ulimi wako una nini?"

"Hakuna aliyeniuliza!" Brashi alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Kampuni haikuuliza. Wanunuzi wanakuja, wananiona nimeshika brashi, hawaniulizi. Hata wewe hukuniuliza. Angeniuliza mtu, haki ya Mungu, ningemwambia."

Kutoka dirishani ikaja sauti ya bibi, katikati ya kikohozi. "Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tatizo ni kwamba huyu ametuingiza na sisi."

Mama Mapazia alitema mate chini. Kisha akaanza kupiga kelele. Alisema kila alichokiona, kabati, konokono, nywele za watu, na alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na cherehani. Katika nyumba ya tatu kutoka pale kulikuwa na familia nyingine inakagua, na kichwa cha mwanamume kikachomoza mlangoni.

Bwana Funguo alifika mbio, amelikamata fungu la funguo kwa mkono lisilie.

"Mama yangu, mama yangu, punguza sauti. Sisi ni watu wa nyumba moja. Fundi ni wetu. Kwani lazima tufike huku?"

"Sitii saini."

"Usipotia saini unarudi mwisho wa foleni, na pesa zenu mtarudishiwa kampuni ikipata nafasi. Unajua mwenyewe kampuni inavyopata nafasi." Akasogea karibu. Alinukia manukato na chini ya manukato jasho. "Sasa nisikilize. Kule juu kuna nyumba. Kavu, jua la asubuhi, jua la jioni. Aliyepewa hajaja kuikagua, anakuja alasiri. Si mtu wa kazi za ujenzi, hajui safu ya juu wala ya chini. Namba mimi naweza kuzibadilisha. Nyinyi mwende juu, yeye aje hapa."

Aligeuka kuangalia kama yule mwanamume wa nyumba ya tatu bado anachungulia.

"Ila hapa pasionekane hivi," aliendelea Bwana Funguo. "Fundi ataziba ulipopasua, mtafuta ule ukungu, mtarudishia kabati. Na ufunguo wenu nitautoa yule akishatia saini yake. Funika kombe mwanaharamu apite, mama. Dunia ndivyo ilivyo."

Mama Mapazia alingoja hasira yake ipande. Badala yake moyo ulimruka kwa furaha, ukaruka upesi hata akaona haya. Akatazama chini, miguu yake imekanyaga tope lenye povu.

"Kwanza nikaione," alisema.

*

Nyumba ya juu hawakuambiwa wavue viatu. Mama Mapazia alizunguka kuta zote shavu lake likiwa ukutani, chumba hadi chumba, mpaka upande mmoja wa uso ukawa mweupe kwa vumbi la chokaa. Hapakung'aa popote. Alifungua kila kabati akanusa kama mbwa wa polisi. Kulinukia mbao.

Bibi alikuwa amepata mahali jua lilipoangukia sakafuni. Alijilaza hapohapo chini, mkono chini ya kichwa, akafumba macho. Walingoja aanze kukohoa. Hakukohoa. Alivuta pumzi, ikaingia, ikatoka, bila filimbi.

"Ningefia hapa ningeshukuru," alisema bibi. "Na yule mwingine je, atakayekwenda kule chini? Ana kifua cha chuma?"

"Mama, pumzika," alisema Mama Mapazia.

"Napumzika. Nimeuliza tu."

*

Walishuka wawili, mume na mke. Brashi alitoa kopo la rangi ya mafuta stoo, akakwangua palipopasuliwa, akapaka tabaka la kwanza. Mama Mapazia alipasua kitambaa cha pazia kilichobaki mfukoni, kipande kimoja akakifunga usoni, kingine akakitumia kusugua. Ukungu ulitoka kwa mabonge. Kila alipousugua ulitoa harufu kali iliyompanda puani hadi machoni. Konokono alimwokota kwa kitambaa, akamtupa dirishani, akamwona mwenzake, akamtupa, akawaona watatu wadogo. Mara mbili alikwenda nje kutapika na mara mbili akarudi. Nywele za bafuni alizivuta kwa mkono wake, zikaja ndefu, haziishi.

Hawakusemeshana. Mara moja tu Brashi alisema, "Pumzika, nitamalizia," naye akajibu, "Umeshamalizia vya kutosha."

Alipomaliza alisimama mlangoni akatazama. Ilikuwa nyumba nzuri. Mtu asiyejua angeipenda.

Yule aliyepewa nyumba ya juu alifika jua limeanza kupoa. Alikuwa mwanamke mdogo, mwalimu wa watoto wa chekechea, na mgongoni amembeba mtoto mchanga aliyelala mdomo wazi. Bwana Funguo alimtangulia akitoa maelezo. "Vua viatu, mwalimu. Vigae ni vipya."

Mwalimu alivua, akacheka. "Sakafu ya baridi! Mtoto atafurahi kutambaa, chumba nilichopanga ni joto kama tanuri." Aliishika rangi kwa ncha za vidole. "Aliyepaka hapa ana mkono mwema jamani."

"Ndiye huyo," alisema Bwana Funguo, na papo hapo akaonekana kujuta.

Mwalimu aligeuka. Brashi alikuwa amechuchumaa pembeni anafunga kopo. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, tambara mkononi, amelificha nyuma ya gauni. Bwana Funguo alikuwa ameshachomoa ufunguo wa nyumba ya juu kutoka kwenye fungu. Ulikuwa unaonekana kati ya vidole vyake.

"Kumbe ni wewe! Hongera, kaka," alisema mwalimu. "Basi nikuulize. Mimi mambo ya nyumba siyajui, na mume wangu yuko kazini mbali, kanituma peke yangu. Hawa wa ofisini kazi yao kusifu." Alimtupia Bwana Funguo tabasamu la kuomba radhi. "Wewe umeijua nyumba hii tangu haina rangi. Kama ningekuwa dada yako, ungeniambia nitie saini?"

Mtoto alikoroma kidogo mgongoni mwa mama yake. Brashi aliweka kopo chini. Akasimama pole pole, akajifuta mikono kwenye suruali, kiganja kimoja kisha kingine, akamtazama yule mwanamke machoni. Mkewe, aliyeishi naye miaka yote hiyo, alimwona kifua kinapanda. Alijua huyu sasa anasema. Alikuwa amepata mtu wa kumuuliza.

"Dada yangu," alianza Brashi, "nyumba hii..."

"Haina shida," alisema Mama Mapazia.

Sauti ilitoka safi, wala haikutetemeka. Alijisikia kama anasikiliza mtu mwingine.

"Mimi ni mkewe. Tumeshinda humu siku nzima, nimeisafisha kwa mkono wangu. Ni nyumba nzuri. Sisi wenyewe tungeichukua hii, ila mama mkwe wangu anapenda mlimani."

"Wazee bwana!" Mwalimu alicheka, mabega yakamshuka kwa kupumua. "Basi mmeniondolea mzigo. Kumbe tutakuwa majirani."

Akaiweka karatasi kwenye kizingiti cha dirisha, akatia saini. Bwana Funguo aliichukua karatasi, akaipuliza ingawa wino wake haukuwa wa kukaushwa, na alipompita Mama Mapazia akamtia ufunguo kiganjani bila kumtazama. Ulikuwa na joto la mkono wake, na unyevu. Mama Mapazia aliufumbata.

Aliinua macho yakakutana na ya mumewe. Brashi alikuwa anamtazama kama mkewe alivyomtazama yeye kule uani asubuhi, alipotema mate. Kisha akaokota kopo lake akatoka, akiacha viatu mlangoni.

"Mfuko huo ni mapazia?" aliuliza mwalimu. "Wewe ndiye Mama Mapazia? Nimekusikia! Nishonee na mimi, jirani, utaniambia bei. Niweke mafupi ya dirishani tu, au marefu?"

Mtoto alikuwa ameamka. Mwalimu alimshusha mgongoni, akatandika kitenge chake sakafuni, akamlaza chini, palepale chini ya ukuta, na mtoto akanyoosha mkono akaugusa.

"Marefu," alisema Mama Mapazia. "Marefu ndiyo mazuri. Yafike mpaka chini kabisa."